Nani Aliyewasomesha Watoto wa Mlimani?



Ukiuliza kwa nini Kilimanjaro ilitangulia kielimu, utapewa jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza atakwambia ni misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893, na kila palipojengwa kanisa pakajengwa na darasa. Marangu ilipata chuo cha walimu hata kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wa pili atakwambia ni kahawa. Wakulima wa Kichaga waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, ushirika uliovuma Afrika nzima. Fedha za kahawa zilijenga shule, zikalipa ada, na zikawapeleka vijana wetu kusoma ng'ambo.

Majibu hayo ni ya kweli, na sikuja kuyapinga. Ninachosema ni kwamba yamemruka mtu. Misheni ilijenga darasa, lakini si misheni iliyomlisha mtoto kabla hajatoka nyumbani. Kahawa ilileta fedha, lakini kuna mikono iliyoipalilia, iliyoitilia samadi, iliyoichuma na kuimenya. Mikono hiyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya wanawake. Na mwalimu wa kike wa shule ya msingi, yule tunayemwona amesimama ubaoni na chaki, ni mmoja wa wanawake hao hao. Asubuhi ni mtumishi wa serikali, jioni ni mke wa mkulima. Tumezoea kuwazungumzia kama watu wa aina mbili. Leo nataka tuwatazame pamoja.

Tuanze na kihamba, shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, hapa Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Wataalamu walisifu jinsi miti mikubwa inavyoipa kivuli migomba, migomba inavyoipa kivuli kahawa, na chini yake kuna magimbi, viazi vikuu na majani ya ng'ombe. Walisifu mifongo inayoshusha maji kutoka msituni. Mifongo ilichimbwa na wanaume, na sifa hiyo ni yao kwa haki. Lakini kihamba kinaishi kwa samadi. Ng'ombe wetu hawaendi malishoni. Wanafungwa zizini na kulishwa. Nani anawalisha? Ni mama anayeshuka tambarare kwenye shamba la mahindi na maharage, analima, na anapopanda mlima jioni amebeba mzigo wa majani kichwani, mrefu kuliko yeye mwenyewe. Ni yeye anayekatakata migomba kwa panga, anayezoa samadi na kuitandaza shinani. Mkiondoa mzigo ule wa majani, hakuna samadi. Pasipo samadi, ndizi zinasinyaa na mbuni unazaa kidogo. Nathubutu kusema hata ile kahawa iliyoitwa mali ya baba ililishwa kwa kichwa na shingo ya mama.

Sasa njoo msimu wa mavuno. Kahawa huiva kidogo kidogo, kwa hiyo huchumwa kwa awamu, tunda jekundu moja moja, na mama na watoto ndio wachumaji. Siku hiyo hiyo lazima imenywe kwa mashine ya mkono, maana ikilala inaharibika ladha. Inavundikwa, inaoshwa mpaka utelezi uishe, inaanikwa kwenye vichanja, inageuzwa, inafunikwa mvua ikitishia, inachambuliwa mbovu na nzima. Hiyo ni kazi ya siku nyingi. Kisha gunia linakwenda chama cha msingi, linapimwa, na karani anaandika. Anaandika jina la nani? La mwanachama. Mwanachama ni mwenye kihamba, na mwenye kihamba, kwa mila yetu, ni mwanamume. Malipo ya awali yalitoka kwa jina hilo, na malipo ya pili vilevile. Mjane aliyeachiwa mibuni na mumewe angeweza kuonekana daftarini. Mke ambaye mumewe yu hai hakuonekana, hata kama mume yuko Dar es Salaam, Tanga au Nairobi na hajagusa mti wa kahawa tangu Krismasi iliyopita.

Jambo hili la waume kuwa mbali tusilipite haraka. Vihamba viligawanywa kizazi hadi kizazi, baba kwa wanawe, mpaka vikawa vipande ambavyo haviwezi kulea familia. Wanaume wakaondoka kutafuta kazi na biashara. Nchi nzima inajua jinsi Wachaga wanavyopanda mlimani kila Desemba. Wachache wanauliza ni nani anayebaki huku kuanzia Januari hadi Novemba. Anayebaki ni mke. Ndiye anayeamua lini mbegu iende ardhini, ndiye anayemwita mganga wa mifugo ng'ombe akivimba tumbo, ndiye anayekwenda kikao cha wazazi shuleni. Ila mti ukitaka kukatwa au kipande kikitaka kukodishwa, inabidi mwenye mali atafutwe kwanza, popote alipo.

Ndizi zilikuwa na utaratibu mwingine. Ndizi, maziwa na mbege vilikuwa mkononi mwa mama. Akipeleka mikungu sokoni Mwika, Himo au Kiboriloni, fedha anafunga pindo la khanga na hakuna anayemwuliza risiti. Na mbege si pombe ya kukurupuka. Ndizi mbivu huchemshwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu, zikaachwa zichachuke kwa siku kadhaa, zikachujwa. Ulezi huoteshwa uwe kimea, ukakaushwa, ukasagwa, ukapikwa uji, ndipo viwili hivyo vichanganywe, na magome ya msesewe yatiwe kwa ukali wake. Mwanamke anayepika mbege anasoma hali ya hewa, anajua bei ya ulezi, anajua ni lini kuna harusi na lini kuna msiba. Hiyo ni biashara kamili yenye hesabu kamili, na imefanywa na watu wengi ambao fomu za sensa ziliwaandika kuwa mama wa nyumbani.

Kwa nini nalitilia mkazo hili? Kwa sababu kuna wakati kahawa ilituacha. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika. Bei ikaporomoka. Mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, pembejeo za mkopo zikapungua, ugonjwa wa chulebuni ukaendelea kula matunda mitini, na kufikia mwaka 2001 bei ilikuwa duni kiasi kwamba kuna wakulima waliong'oa mibuni, kitendo ambacho baba zao wangekiona ni laana. Katika kipindi hicho hicho ada ilikuwa imerudi. Sekondari zilianza kutoza tena katikati ya miaka ya 1980. Shule za msingi nazo zilikuwa na michango isiyokwisha, hadi ada yake ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ile ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika sekondari za serikali ilisubiri mpaka 2016. Mkoa huu ulikuwa umejaa sekondari za makanisa na za wazazi, na kila mmoja wenu aliyesoma humo miaka ile anakumbuka kurudishwa nyumbani kufuata ada.

Fedha hiyo ilitoka wapi, kahawa ikiwa imeanguka? Ilitoka kwenye mikungu iliyopakiwa malori ya Dar es Salaam. Ilitoka kwenye chupa ya maziwa ya asubuhi. Ilitoka kwenye mbege na kwenye michezo ya akina mama ya kuchangiana fedha, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kupokea. Taifa halikuandika mapato hayo popote, lakini wahandisi, mawakili na madaktari wa leo ni mazao yake. Naamini, na nasema bila kusita, kwamba miaka ile ya 1990 elimu ya Kilimanjaro haikufa kwa sababu wanawake walikuwa na vyanzo vya fedha ambavyo soko la dunia halikuweza kuvifikia.

Sasa nije kwa mwalimu.

Mwanzoni ualimu ulikuwa wa wanaume. Wasichana waliopelekwa misheni walifunzwa kusoma Biblia, kushona na kutunza nyumba. Njia ilipanuka polepole, kwa shule za wasichana kama Ashira, Machame na Kibosho, na kwa Assumpta ya masista wa Maryknoll hapa Moshi, ambayo baadaye ikawa Weruweru. Kuanzia miaka ya 1970 Mama Maria Kamm aliiongoza Weruweru kwa zaidi ya miaka 20, akaifanya shule ambayo msichana alijifunza fizikia na pia kukamua ng'ombe, bila kuona lolote kati ya hayo kuwa aibu. Kabla yake Lucy Lameck, mzaliwa wa Moshi na muuguzi kwa taaluma, alikwishaingia Bungeni mwaka 1960 na kuwa naibu waziri. Wanawake hawa wawili tunawajua kwa majina, na inastahili. Lakini kwa kila mmoja wao kulikuwa na mamia ya walimu wa vijijini tusiowajua.

Wengi wao waliingia kazini kwa mlango wa UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, yaani UPE, isingoje tena, na ikifika 1977 kila mtoto awe darasani. Walimu hawakuwapo. Serikali ikachukua waliomaliza darasa la saba, ikawapa mafunzo huko huko vijijini: wanafundisha sehemu ya siku, sehemu nyingine wanasoma wenyewe, kwa vitabu vya masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa msaada wa waratibu. Watu waliwadharau, wakawaita walimu wa UPE kwa sauti ya kejeli. Mimi nilifundishwa kusoma na mwalimu wa UPE. Hadi leo sijaona mtu aliyenifundisha kitu kikubwa kuliko hicho.

Marehemu mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Vunjo, na mniruhusu nimtumie kama mfano, kwa kuwa maisha yake ndiyo ninayoweza kuyaapia. Saa kumi alfajiri alikuwa zizini. Alikamua, akampa ng'ombe migomba iliyokatwa jana yake, akachemsha chai, akatupikia ndizi. Saa moja na nusu alikuwa mstarini shuleni, gauni limepigwa pasi ya mkaa, watoto wanamwitikia, "Shikamoo mwalimu." Darasa lake lilikuwa na watoto wanaokaa watatu watatu kwenye dawati la wawili, na wengine chini. Saa za mapumziko aliuza karanga za kukaanga, kwa sababu mshahara ulichelewa na ulipofika ulikuwa umeshaliwa na madeni. Jioni alivaa khanga na kwenda majani kama jirani yeyote. Usiku, msimu wa kahawa, tulimenya kwa zamu. Yeye alikaa juu ya gunia karibu na koroboi na kusahihisha madaftari. Mikono yake ilikuwa na utelezi wa kahawa, kwa hiyo alishika kalamu nyekundu kwa kipande cha kitambaa ili asichafue kazi za watoto wa watu. Kuna madaftari yaliyopita mikononi mwake ambayo wenyewe leo ni maprofesa.

Nawaambia jambo moja juu ya mshahara wake. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuja kwa jina lake. Aliusaini mwenyewe. Kwa mwanamke wa kihamba hilo lilikuwa jambo jipya kabisa: fedha ya mwezi isiyopitia kwa mume wala kwa ukoo. Kwa fedha hiyo aliweza kuamua kwamba binti naye aende sekondari, na mabishano yakaishia hapo. Nenda leo kijiji chochote cha mlimani uulize nani alikuwa msichana wa kwanza wa ukoo kufika chuo kikuu. Mara nyingi sana utaambiwa ni mtoto wa mwalimu, na mwalimu huyo alikuwa mama yake.

Hata hivyo tusipambe. Walimu na wake wa wakulima hawakuwa ndugu wa damu moja wakati wote. Mwalimu mwenye mshahara aliweza kuajiri kibarua wa kupalilia, na kibarua huyo alikuwa mwanamke jirani yake. Aliweza kumleta msichana wa kazi kutoka Singida au Upareni, mtoto ambaye naye alistahili kuwa darasani. Mwalimu alikopa kwenye SACCOS ya walimu. Mke wa mkulima alitegemea mchezo wa majirani, na akishindwa zamu yake aliaibika mbele ya mtaa mzima. Mwalimu akijifungua alipata likizo yenye mshahara, siku 84 kwa sheria ya sasa. Jirani yake alipumzika siku ambazo mama mkwe na majirani waliweza kumhudumia, kisha akarudi kwenye majani. Shingo zao zilibeba mizigo inayofanana, ila mmoja alikuwa na mahali pa kuegemea na mwingine hakuwa napo. Sisi tuliolelewa na walimu tunapaswa kulisema hili kwa sauti, kwa sababu tumefaidika nalo.

Mahali walipofanana kabisa ni kwenye ardhi. Mwalimu alijenga nyumba kwa mkopo wake, akaezeka bati, akavuta maji. Nyumba ile ilisimama juu ya kihamba cha mume, na kihamba cha mume ni cha ukoo. Mume alipofariki, mwalimu na mke wa mkulima waliketi kwenye kikao kimoja cha ukoo, wakasubiri kuambiwa hatima yao. Kwa mila yetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, na mjane hukaa humo chini ya ulinzi wake. Mwana akiwa na utu, mama anazeeka kwa amani. Akiwa hana, nimeona walimu wastaafu wakihesabiwa mikungu ya ndizi na wakwe zao. Sehemu pekee ya kihamba ambayo mwanamke ana uhakika nayo ni ile atakayozikwa.

Wako watakaoniambia kwamba hii ni mila, na mila haiguswi. Nawakumbusha kwamba mila yetu imeguswa mara nyingi. Kahawa yenyewe ni mgeni kutoka misheni, na tuliikaribisha mpaka tukaifanya yetu. Sheria nazo zimekwishasema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba kanuni ya mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi ni batili. Kilichobaki nyuma ni lile tamko la sheria za mila la mwaka 1963, linalomweka binti daraja la mwisho la urithi na kumwachia mjane kutunzwa na watoto tu. Mwaka 2015, baada ya malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilisema wazi kwamba kanuni hizo zinakiuka mkataba huo ambao nchi yetu imeuridhia.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa namna nyingine ya kufanya mambo. Pandeni Nronga, kule Machame, Wilaya ya Hai. Mwaka 1988 wanawake wa kijiji kile walianzisha ushirika wao wa maziwa. Wanachama ni wanawake. Mama anafika na ndoo asubuhi, maziwa yanapimwa, na karani anaandika jina la yule aliyeyakamua. Maziwa ya Nronga yamefika hadi kwa watoto wa shule za msingi, wakayanywa darasani. Ushirika ule haukuvunja ndoa za Machame wala haukuzifukuza koo. Umefanya kitu kimoja tu, kuandika jina la mfanyakazi mahali pa mapato yake, na kwa kufanya hivyo umempa mama sauti nyumbani kwake ambayo hotuba zetu hazijaweza kumpa.

Kwa hiyo nina maombi, na nayaelekeza kwa watu walio ndani ya ukumbi huu.

Viongozi wa vyama vya msingi, fungueni daftari la wanachama. Pale ambapo mke ndiye anayelima na kuleta kahawa, aandikwe mwanachama, apige kura, na malipo yapite kwenye akaunti anayoweza kuifikia. Kahawa mpya zinazostahimili magonjwa, kazi nzuri ya watafiti wa taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungu, zipandwe na yule aliyepo shambani mwaka mzima, na mafunzo yafanyike saa ambazo mwalimu ametoka shule na mama amerudi kutoka majani.

Wazee wa koo, Desemba mtakaa vikao. Msingoje msiba. Zungumzeni wakati mume na mke wote wako hai, andikeni mbele ya mashahidi kwamba nyumba na sehemu ya kihamba ni vyao wote wawili, na kwamba binti aliyerudi nyumbani ana mahali pa kulala na pa kulima.

Nanyi waume mlioko mijini, mkipanda safari hii pitieni ofisi ya kijiji pamoja na wake zenu. Mtendaji atawaeleza utaratibu wa hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kubeba majina mawili. Sheria inayoruhusu hilo tunayo tangu mwaka 1999. Nendeni mkaandikishe.